Aliyeruhusiwa Hospitali ya Akili ni wa Nani?

Wasomaji wetu wengi wamepata kuliona jambo hili, ijapokuwa ni wachache wanaolisema. Basi lasimama kituoni jioni, na mtu mmoja ashuka akiwa na mfuko mdogo mkononi. Ametoka Dodoma, katika hospitali ya Mirembe, alikokaa majuma sita au miezi mitatu. Mwili wake umenenepa kidogo, mwendo wake ni wa polepole, mikono yake yatetemeka. Ndani ya mfuko mna nguo mbili, bahasha ya vidonge, na kadi iliyoandikwa tarehe ya kuhudhuria kliniki. Mama yake yupo kumpokea, na labda mdogo wake mmoja. Watu wengine wapo pia, lakini wamesimama mbali, nyuma ya vibanda, wanatazama.

Mtu huyo kama angalitoka hospitali nyingine, alikopasuliwa tumbo au kufungwa mguu uliovunjika, nyumba ingalijaa watu usiku ule ule. Wangalikuja na mayai, na ndizi, na sukari. Wangalimpa pole na kuuliza habari za madaktari, naye angaliwaonyesha kovu lake. Huyu haletewi yai hata moja. Hana kovu la kuonyesha, wala hakuna anayethubutu kumpa pole, kwa maana kumpa pole ni kukiri kwamba twajua alikokuwa. Basi nyumba yanyamaza, mlango wafungwa mapema, na tangu usiku ule swali laanza kuulizwa kwa sauti ya chini: sasa huyu ni wa nani?

Hilo ndilo swali tunalotaka kulitazama juma hili. Hospitali yasema: sisi tumekwisha fanya kazi yetu, mgonjwa ni wa jamaa zake. Jamaa wasema: sisi si waganga, ugonjwa huu hatuujui, mtu huyu ni wa hospitali. Majirani wasema: ni wa mama yake. Wakubwa wa kijiji wasema: akifanya fujo, mtuite. Hivyo kila mmoja amsukuma kwa mwenzake, mpaka siku moja aonekana tena sokoni akisema peke yake, na hapo wote kwa pamoja twatikisa kichwa na kusema: Tulijua tangu zamani, ugonjwa wake hauponi. Twasema hivyo kana kwamba sisi hatukuwamo.

Tuanze na neno hilo kupona, kwa sababu makosa mengi yazaliwa nalo. Mtu aliyeugua malaria akimaliza dawa yake amepona, na habari imekwisha. Lakini mtu mwenye kisukari au presha hasemi amepona siku ile sukari yake inaposhuka. Asema amepata nafuu, na nafuu hiyo ailinda kila siku kwa dawa, kwa chakula na kwa kwenda kupimwa. Magonjwa makubwa ya akili, yale yanayomfanya mtu asikie sauti wasizozisikia wengine, au yanayompandisha katika furaha isiyo na mpaka kisha yakamshusha katika huzuni isiyo na sababu, mara nyingi yafanana na kisukari na presha kuliko malaria. Wako wanaougua mara moja tu katika maisha yao, wasiugue tena. Wako wanaougua, wakapata nafuu, wakaugua tena. Na wako wanaoishi na ugonjwa huo siku zote, kama mtu aishivyo na mguu mbovu, wakilima, wakioa na kulea watoto. Siku ile anaposhuka katika basi hakuna awezaye kusema kwa hakika huyu ni wa kundi lipi. Kwa ajili hiyo madaktari humshauri aendelee na dawa hata kama ajiona mzima, na baada ya kuugua mara ya kwanza huo ni muda wa mwaka mmoja au miwili, kwa wengine zaidi.

Kabla ya mwaka 1952 mashauri ya namna hiyo hayakuwa na maana kubwa. Hospitali yetu ya Mirembe ilianzishwa mwaka 1927, na kwa miaka mingi hospitali za namna yake ulimwenguni kote hazikuweza zaidi ya kumtunza mgonjwa, kumlisha na kumzuia asijidhuru. Wengi walioingia walizeekea humo. Mwaka 1952 madaktari wa Paris walianza kuwatibu wagonjwa wa akili kwa dawa iitwayo klorpromazini, na baada yake zikaja nyingine. Ndipo maelfu walipoanza kutulia, kulala usingizi, kutambua jamaa zao na kurudi makwao. Ni jambo kubwa la karne iliyopita, na ni la kumshukuru Mungu. Lakini tutazame vema lilivyo. Lango la hospitali lilifunguliwa na dawa, na dawa yenyewe humezwa nyumbani. Kazi ambayo zamani ilifanywa na kuta, leo yategemea mkono wa mtu unaopokea kidonge, na mtu mwingine aliye karibu naye anayejali kama amekimeza.

Na sababu za kutokimeza ni nyingi, wala si za kipumbavu. Ajiona amepona; ya nini kula dawa? Dawa zenyewe zamtetemesha mikono, zamtoa mate, zamlaza mchana kama mlevi, zamnenepesha, na wanaume wengine zawapunguzia nguvu za ndoa, jambo ambalo hawamwambii mtu. Mara zahanati haina dawa. Mara nauli ya kwenda hospitali ya wilaya haipo. Mara shemeji amcheka mbele ya watoto: utakula vidonge mpaka lini? Basi aziacha. Na hapa pana mtego ambao kila jamaa yapasa kuufahamu: akiacha dawa leo, ugonjwa haurudi kesho. Kwanza aonekana mchangamfu, mikono imetulia, usingizi wa mchana umekwisha, na watu wasema, kumbe dawa ndizo zilizokuwa zikimwumiza. Ugonjwa warudi baada ya majuma au miezi, na wakati huo hakuna anayekumbuka zile dawa. Watu hutafuta aliyemroga.

Twapenda kuongeza jambo moja zito, nasi twalisema waziwazi kwa kuwa kulificha kumeua watu. Majuma ya kwanza baada ya kutoka hospitali ndiyo majuma ambayo hatari ya mtu kujiua ni kubwa kuliko nyakati nyingine. Wengi wetu twadhani kinyume: twadhani hatari ilikuwa pale alipopiga kelele, na sasa amekwisha tulia. Lakini ni sasa anapokaa kitako na kuona yaliyompata: kazi imepotea, mke amekwenda kwao, watoto wamwogopa, na jina lake limekuwa mzaha. Aliyetulia hivyo asiachwe peke yake na mawazo yake. Aulizwe kwa upole kama amewahi kutamani kufa. Swali hilo halimtii mtu wazo asilokuwa nalo, bali humfungulia mlango wa kusema. Na akisema ndiyo, asikemewe wala asihubiriwe. Apelekwe kwa mganga siku ile ile, na mtu akae naye.

Je, jamaa wa kawaida, wasiojua udaktari, waweza kazi hii? Watu wengi wafikiri haiwezekani. Lakini imewezekana, na kwa muda mrefu. Katika nchi ya Ubelgiji uko mji uitwao Geel. Huko yaheshimiwa masalia ya Mtakatifu Dimfna, binti ambaye mapokeo yasema aliikimbia Ireland kwa sababu ya baba yake aliyerukwa na akili, na baba akamfuata na kumwua. Tangu Enzi za Kati watu waliwaleta wagonjwa wao wa akili kuomba katika kanisa lake. Nafasi kanisani ilipopungua, wenyeji wakaanza kuwapokea wagonjwa majumbani mwao. Wengine hawakuondoka tena. Desturi hiyo ilirithiwa na watoto na wajukuu, na kabla ya vita kuu ya pili wagonjwa zaidi ya 3,500 walikuwa wakiishi na jamaa za wakulima na mafundi wa mji ule mmoja. Hata leo desturi haijafa, ingawa idadi imepungua sana, na hospitali ya mji ndiyo inayowaongoza na kuwasaidia wenye nyumba.

Wenye nyumba hao hawakuwa waganga, wala hawakuambiwa wamponye mtu. Walimpa kiti mezani, kitanda, na kazi anayoiweza: kukamua ng'ombe, kuchota maji, kumshika mtoto. Hawakushangaa akisema maneno ya ajabu, kwa kuwa walikuwa wameyasikia tangu utoto wao. Sisi twaweza kudhani kwamba huo ulikuwa ukarimu usio wa kawaida. Wao wenyewe waliuona kuwa ni mambo ya nyumbani tu.

Wala tusiseme hayo ni ya Ulaya. Mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, nchini Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alianza kuwaweka wagonjwa katika vijiji vilivyozunguka hospitali badala ya kuwafungia wodini. Kila mgonjwa alikuja na ndugu yake mmoja, akapanga nyumba kijijini, akatibiwa mchana hospitalini na jioni akarudi kula na wanakijiji. Tanzania nayo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ilikuwa na vijiji ambako waliotoka hospitali za akili walilima na kufuga huku wakiendelea na matibabu. Madaktari hao waliona jambo ambalo bibi zetu wangaliweza kuwaambia: ya kwamba mtu hapati akili yake akiwa peke yake. Aipata katikati ya watu, kama alivyoipata mara ya kwanza alipokuwa mtoto akijifunza kusema.

Lakini nyumba si dawa kwa sababu tu ni nyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu mmoja wa mambo ya jamii huko London, jina lake George Brown, alifuatilia maisha ya wagonjwa walioruhusiwa kutoka hospitali za akili. Alitazamia kwamba waliorudi kwa wazazi na wake zao ndio watakaostawi kuliko wote. Haikuwa hivyo. Wengi wa hao walirudishwa hospitalini kuliko wale waliokaa kwa kaka na dada zao au katika vyumba vya kupanga. Yeye na wenzake walipochunguza zaidi katika miaka iliyofuata, waliona kwamba ugonjwa hurudi upesi katika nyumba zenye maneno ya kulaumu na uadui, na vilevile katika nyumba ambamo mgonjwa alindwa kupita kiasi, asiachwe hata kwenda kisimani peke yake.

Wazazi wasilisikie neno hili kama hukumu. Si wazazi wanaoleta ugonjwa huu. Hakuna mama aliyemtia mwanawe wazimu kwa ulimi wake. Lakini jeraha ambalo hatukulifanya sisi twaweza kulitonesha. Nyumba ya kwanza yamwambia kila asubuhi: umetuaibisha, umetumalizia ng'ombe, kwa nini hufanyi kazi kama wenzako? Nyumba ya pili yamwambia: kaa, usiguse kisu, usiende shambani, usijichoshe, tutakufanyia sisi. Ya kwanza ina ukali na ya pili ina machozi ya huruma, lakini zote mbili zamwambia neno moja, kwamba yeye si mtu tena kama watu.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe, maana si haki kuwahukumu wengine tukajificha. Miaka michache iliyopita, kabla ya kukabidhiwa gazeti hili, tulikuwa tukifanya kazi katika parokia moja ya shamba. Katekista wa kigango kimojawapo, mtu mzima aliyetuzidi kwa umri na kwa mambo mengi, aliugua wakati wa Kwaresima. Siku nyingi hakulala. Usiku alihubiri sokoni mpaka sauti ikakauka. Jamaa zake wakampeleka hospitali, akakaa miezi miwili. Siku ya tatu baada ya kurudi alitujia, amevaa shati safi, daftari lake kwapani, akauliza ni lini watoto wa Komunyo ya kwanza wataanza masomo.

Tulimwambia, "Pumzika kwanza, Mwalimu."

Akauliza, "Mpaka lini, Padre?"

Tukajibu, mpaka utakapopata nguvu. Watoto tukampa mwalimu mwingine, na ufunguo wa kanisa la kigango tukampa huyo huyo, na posho ndogo ikaufuata ufunguo. Tulimpelekea maharagwe na sukari wakati wa Noeli, na tulipotoka kwake tulijiona tumetenda mema. Lakini kwa muda wa miezi mitano hatukumwuliza hata mara moja habari za kadi yake ya kliniki, na hatukumpa kazi yoyote, hata ya kupiga kengele. Baadaye alitueleza mwenyewe jinsi alivyofikiri: nikimeza dawa watu waniona mwenda wazimu, nisipomeza wataniona vile vile; basi vidonge vina faida gani? Akaviacha. Ugonjwa ukarudi, naye akarudishwa hospitali.

Alipotoka mara ya pili tulikwenda kwake mapema. Alitukaribisha kiti, kisha akasema bila hasira, "Padre, mlinipumzisha mpaka nikachoka."

Neno hilo hatujalisahau. Tuliita huruma kitu ambacho, tukisema kweli mbele ya Mungu, kilikuwa woga. Tuliogopa wazazi wa watoto watasemaje, tuliogopa atasema maneno ya ovyo mbele ya Askofu, tuliogopa yeye. Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye alikuja siku ya tatu kuomba jembe lake, nasi tukamwambia aendelee kuwa mgeni katika nyumba aliyoijenga.

Sasa twaweza kulijibu swali letu. Mtu huyu ni wa nani? Ni wa kwake mwenyewe kwanza. Hadhi ya mtu haikai katika akili yake timamu kama maji yakaavyo katika mtungi, hata mtungi ukipata ufa hadhi ivuje. Mtoto mchanga hana akili ya kufikiri, mzee aliyesahau majina ya wanawe ameipoteza, nasi sote tulalapo usingizi hatuitumii. Wala hakuna asemaye kwamba usiku sisi si watu. Aliyeugua akili hakupungukiwa kitu katika utu wake, basi tumrudishiapo kazi yake, kiti chake na neno lake hatumpi sadaka. Twalipa deni. Huo ndio msingi, na asiyeushika atachoka upesi, kwa kuwa sadaka ina siku zake, lakini deni halina likizo.

Kutokana na msingi huo twaweza kutazama jambo moja linaloulizwa mara nyingi faraghani. Jamaa hutujia wakisema: Padre, akataa dawa, je, ni dhambi kuzisaga tukamtilia katika uji bila yeye kujua? Twawaonea huruma wanaouliza hivyo, maana wameona mambo usiku ambayo sisi hatukuyaona. Hata hivyo twajibu kwamba njia hiyo si njema. Kwanza ni udanganyifu, na tena ni udanganyifu kwa mtu ambaye ugonjwa wake, mara nyingi, wamwambia kwamba watu wake wanamdanganya. Siku atakapoyaona mabaki ya kidonge chini ya kikombe, ugonjwa utakuwa umepata ushahidi. Tangu siku hiyo atakataa dawa, na uji pia, na mkono wa mama yake. Tena wamtiliao dawa kwa siri hawawezi kumwuliza zinamfanyaje, wala kumweleza mganga, na dawa nyingine zataka kipimo cha uangalifu na kupimwa damu.

Basi wafanye nini? Wamwulize kwa nini azikataa, na wasikilize jibu. Kama ni kutetemeka, mganga aweza kupunguza kipimo, au kubadili dawa, au kuongeza nyingine ya kutuliza kutetemeka. Kama ni kusahau au kuchoshwa na vidonge vya kila siku, iko sindano inayodumu mwilini majuma mawili hadi manne. Na lililo kubwa kuliko yote, wazungumze naye siku anapokuwa mzima: ukianza kuugua tena, dalili zako za kwanza ni zipi? Wataka nani akwambie? Wataka tukupeleke wapi? Yaandikwe hayo, naye akubali. Kisha ikiwa siku moja ugonjwa umemshinda hata yuko katika hatari ya kujiua au kuumiza mtu, jamaa hawatendi dhambi wakimpeleka hospitali bila ridhaa yake, kwa njia za sheria, waziwazi, pasipo kamba wala kipigo. Wakati huo wanatimiza neno lake mwenyewe alilolisema alipokuwa na akili zake. Kuna tofauti kubwa kati ya kumshika mtu mkono gizani na kumvizia.

Labda mtu atasema: ninyi mwaandika mkiwa salama ofisini; sisi twamwogopa, ataweza kutuua. Hatudharau hofu hiyo. Wako wagonjwa wachache ambao, wakiachwa bila matibabu, na hasa wakinywa pombe au kuvuta bangi, huwa hatari. Na jamaa zao wana haki ya kulindwa. Lakini walio wengi hawamdhuru mtu, na mara nyingi zaidi wao ndio wanaopigwa, kuibiwa na kudhulumiwa urithi. Na kama ni hatari tunayoiogopa, yatupasa kuogopa kumwacha bila dawa kuliko kuogopa kukaa naye.

Mwingine atasema: tumemwombea, naye amefunguliwa, kurudi kwenye vidonge ni kukosa imani. Twajibu kama mapadre: ombeni bila kukoma, mleteni apokee sakramenti, lakini mtu asithubutu kumwamuru mgonjwa aache dawa kwa jina la Mungu. Mungu aponyaye kwa sala ndiye aliyewapa waganga akili zao. Hatumwambii mwenye kisukari aoneshe imani yake kwa kuacha sindano.

Na wa tatu hatasema kitu, kwa kuwa amechoka mno. Huyo ni mama, au dada, au mke, aliyebeba mzigo huu miaka kumi bila kupokewa. Kwake hatuna lawama. Kuchoka si dhambi. Dhambi ni yetu sisi tunaopita mbele ya mlango wake kila Jumapili. Kama jumuiya ndogo yaweza kugawana zamu za kumsindikiza bibi arusi, yaweza kugawana zamu za kumsindikiza mtu mmoja kliniki mara moja kwa mwezi. Mmoja atoe nauli, mwingine akae na mgonjwa siku ile mama anapokwenda sokoni, mwingine aiweke tarehe ya kadi kichwani mwake. Hayo si mambo makubwa. Lakini kwa kukosekana hayo madogo, watu warudishwa Mirembe mara ya pili na ya tatu.

Katika Injili ya Marko, sura ya 5, yasimuliwa habari ya mtu wa nchi ya Wagerasi aliyekaa makaburini. Hatutaki kusema kwamba kila ugonjwa wa akili ni pepo. Kanisa halisemi hivyo, na wagonjwa wengi wameteswa kwa ajili ya kosa hilo. Twautazama mwisho wa habari tu. Alipokuwa akipiga kelele na kujikata kwa mawe, watu walikuwa wamezoea. Walipomkuta ameketi, amevaa nguo, akili zake timamu, ndipo walipoogopa. Yeye mwenyewe aliomba apande chomboni aende mbali pamoja na Yesu, na ni nani asiyemwelewa? Lakini hakukubaliwa. Aliagizwa arudi nyumbani kwa watu wake. Sisi mapadre huwa twahubiri juu ya utii wa mtu yule. Ni mara chache tunapowahubiri wale watu wa nyumbani, ambao siku hiyo, bila kuombwa ruhusa, walikabidhiwa sehemu ya pili ya uponyaji wake.

Yule katekista wetu hatukumponya. Afundisha darasa moja pamoja na mwalimu mwenzake, na kila baada ya majuma manne kijana mmoja wa kigango ampeleka kwa pikipiki hospitali ya wilaya kuchomwa sindano. Ana siku mbaya. Mara mbili alikuja kusema mwenyewe, "Usingizi umeanza kunikimbia," akaenda kliniki kabla ya tarehe, na mambo yakatulia. Wazazi wawili waliwahamisha watoto wao. Baadaye mmoja akamrudisha. Ndivyo ilivyo mpaka leo, wala hatujui ya kesho.

Basi, ndugu wasomaji, jioni moja basi litasimama tena kituoni, na mtu atashuka na mfuko mdogo. Msisimame nyuma ya vibanda. Nendeni mkampe pole kwa jina lake, kama mnavyompa aliyepasuliwa tumbo. Mpeni siku mbili za kupumzika. Siku ya tatu, mwulizeni tarehe ya kliniki, kisha mpeni jembe lake.